Kunguru, Moyo na Nyumba ya Usher: shajara ya albamu ya Kiswahili kutoka kwa Poe

12 Januari 2025. Mpango

Nataka kurekodi albamu fupi ya roki ya progresivu, dakika kama 25, kutokana na maandishi matatu ya Edgar Allan Poe: shairi la "The Raven" (1845), hadithi ya "The Tell-Tale Heart" (1843) na "The Fall of the House of Usher" (1839). Maneno yote yatakuwa ya Kiswahili. Naweka shajara hii ili mwingine akitaka kazi ya namna hii aone pesa ilikwenda wapi na mimi nilipotea wapi.

Kilichoniingiza humu ni "Tales of Mystery and Imagination", albamu ya kwanza ya The Alan Parsons Project, ya mwaka 1976. Alan Parsons alikuwa fundi sauti wa studio ya Abbey Road, mmoja wa waliorekodi "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd. Mwenzake Eric Woolfson alikuwa mtunzi, na Andrew Powell akapanga okestra. Upande wa kwanza wa santuri una nyimbo tano. Upande wa pili karibu wote umepewa nyumba ya Usher: vipande vitano vinavyofuatana bila mwimbaji, dakika kama 16. Nilipousikia mara ya kwanza sikuwa nimeisoma hadithi, lakini nilijua kwamba kuna nyumba, kuna mtu anaifikia wakati wa mvua, na mwishoni nyumba haipo. Hilo ndilo ninalotaka kujifunza kulifanya.

Kuhusu haki: Poe alifariki 1849, kazi zake ni za wote na kila mtu ana ruhusa ya kuzitafsiri. Muziki wa 1976 una wenyewe, kwa hiyo sichukui humo hata sauti moja.

2 Februari 2025. Mizani

Wiki tatu zimepotea, na zimepotea kwa kosa langu. Nilitafsiri "The Raven" kwa maana tu, sentensi ndefu zenye maneno mazuri, kisha nikajaribu kuziimba juu ya mapigo saba ya gitaa. Maneno yalimwagika. Kila mstari ulikuwa na urefu wake, nikawa nakimbiza silabi kama mtu anayekimbilia daladala. Nilibadilisha mapigo kutoka saba hadi tano, kutoka tano hadi nne, nikaulaumu mdundo wakati mdundo haukuwa na kosa.

Jumapili nilimpelekea mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akituma mashairi magazetini. Hajui Kiingereza cha kusoma Poe. Akasikiliza tafsiri yangu, akanyamaza, kisha akasema, "Mpwa wangu, hebu nisomee ya huyo mzungu mwenyewe, kwa sauti." Nikasoma mstari wa kwanza. Akaanza kuhesabu vidoleni, akaniambia nirudie, akahesabu tena. "Nane," akasema. Akanyoosha mkono wa pili. "Na nane."

Ni kweli. Mstari wa kwanza wa "The Raven" una silabi 16, umekatika katikati, nane na nane, na neno la mwisho la kipande cha kwanza linafanana kwa sauti na neno la mwisho la kipande cha pili. Mstari wa tatu vilevile. Hivyo ni vina vya kati na vina vya mwisho, ukwapi na utao, mambo tuliyofundishwa darasani kwa mashairi ya pwani. Kila ubeti una mistari sita, kwa hiyo ni tasdisa, na mstari wa sita ni mfupi kuliko mingine, kwa hiyo ni msuko. Poe hakumjua malenga yeyote wa Lamu wala wa Pemba, na sisemi alijifunza kwao. Nasema nyumba ilikuwa tayari, nami nilikuwa nalala nje.

Nikatupa tafsiri yote. Mstari wa kwanza na wa tatu sasa ni hivi:

Saa sita usikuni, nimeinama mezani,
Nikisinzia kidogo, mlangoni gogo-gogo.

Hesabu mwenyewe. Muziki nao ulitulia hapo hapo, kwa sababu 16 zinaingia kwenye vipimo vinne vya mapigo manne, na ninaweza kuweka mapigo saba kati ya beti, wakati mwimbaji amenyamaza. Hilo ndilo pendekezo langu la kwanza kwa anayefuata: roki ya progresivu hupenda mapigo yasiyo shufwa, lakini yape ala, usimtwishe mwimbaji wa Kiswahili.

Tofauti moja haikuzibika. Mistari mingine ya Poe ina silabi 15 na inaishia kwenye silabi yenye mkazo, kama msumari. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila mstari unashuka taratibu. Nimeifanya yote 16 na pigo la mwisho nimempa mpiga besi, analipiga baada ya mwimbaji kumaliza.

16 Februari 2025. Ndege na neno lake

Nilidhani neno la kurudiwa ndilo jambo dogo. Limechukua wiki mbili.

Poe alieleza katika insha yake "The Philosophy of Composition" (1846) kwamba alitafuta kwanza sauti ya neno kabla ya kisa: alitaka o ndefu na r, na akapata neno la Kiingereza "nevermore", lenye maana ya "haitakuwa tena". Nami nikatafuta neno lenye o. Nikafurahia "hayupo". Kijana wa kwenye shairi anamuuliza ndege kuhusu mpenzi wake Lenore aliyekufa, ndege anajibu "hayupo". Linauma, na linaimbika. Nikaandika beti tatu.

Likavunjika ubeti wa nne. Kijana sasa anauliza habari za dawa ya kuponya majonzi yake, na dawa si mtu. Ingebidi ndege ajibu "haipo". Kisa chote cha Poe kimesimama juu ya jambo moja: ndege analijua neno moja tu, hana akili ya kujibu, na ni kijana mwenyewe anayechagua maswali ambayo neno hilo litamchoma. Ndege anayefuata upatanisho wa ngeli si ndege tena, ni mtu mwenye manyoya.

Mjomba alitaka "asilani". Lina silabi nne, na lina faida kubwa: vina vya -ni havimwishii mtunzi, mezani, mlangoni, moyoni, kaburini. Tulilirekodi. Lakini i ya mwisho ni nyembamba. Mwimbaji akiivuta inakuwa kama sauti ya chiriku. Tukajaribu "kamwe", ikawa laini mno. Nimeishia kwenye "katu". Ina k na t, ni kavu, na ukiisema kwa koo inatoka kama kunguru anavyolia, kisha u inabaki gizani. Mstari mfupi umekuwa "Akajibu ndege: Katu", mizani nane. Vina vya -tu ni vichache (mtu, kitu, msitu, kwetu), kwa hiyo badala ya beti 18 za Poe nina sita, na naona zinatosha.

Likaja la ndege mwenyewe. Hapa Dar es Salaam kunguru hamtishi mtu. Ni wale walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani yote, wezi wa vifaranga na wachokoaji wa majalala. Ukiimba "kunguru" msikilizaji anaona pipa la taka. Nilishawishika kuweka bundi, kwa maana akilia juu ya paa kila mtu hapa anajua habari anayoileta. Lakini bundi hasemi, na kunguru anaweza kuigiza maneno. Poe mwenyewe alimfikiria kasuku kwanza akamwacha. Nimemwacha kunguru abaki, ila katika beti nne za mwanzo anaitwa "ndege mweusi" tu. Jina lake linatajwa ubeti wa tano, msikilizaji akiwa ameshamwogopa.

16 Machi 2025. Chumba

Nimerekodi gitaa, besi na kinanda nyumbani Tabata. Mambo ya kawaida, sitayaeleza. Trei za mayai ukutani ni hasara, hazizuii chochote. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji yalisaidia kuliko vyote nilivyonunua. Kunguru wa kweli wanaanza kelele alfajiri, kwa hiyo sauti tunarekodi kati ya saa nne na saa nane usiku. Mwezi wa Ramadhani ulitufaa: watu wako macho hadi daku, na mwimbaji anakuja baada ya tarawehe akiwa na sauti iliyochangamka.

30 Machi 2025. Vokoda

Katika "The Raven" ya 1976 sauti ya mwanzo imepitishwa kwenye vokoda iliyotengenezwa na EMI, na ndiyo inayofanya wimbo ule usikike kama kitu kisicho binadamu kinaongea. Vokoda huchukua umbo la maneno ya mwimbaji na kulivisha sauti ya ala nyingine. Mimi nina programu ya bure kwenye kompyuta inayofanya kazi hiyo.

Nikaipa "katu" ya mwimbaji na sauti ya nyuzi za kinanda. Ikatoka "a-u". Konsonanti zote mbili zilizonifanya nilichague neno zilikuwa zimepotea! Siku nne nilidhani maikrofoni ina kasoro, nikaikodi nyingine kwa 30,000, ikawa vilevile. Sababu ni hii: k na t ni mipasuko ya hewa, zinahitaji masafa ya juu ya sauti, na nyuzi za kinanda hazina masafa hayo, kwa hiyo vokoda haikuwa na kitambaa cha kuzishonea. Dawa ni kuchanganya mvumo wa redio isiyoshika stesheni ndani ya sauti ya nyuzi, kidogo tu, kabla ya kuingia kwenye vokoda. Baada ya hapo "katu" ikasikika hadi kwenye simu.

27 Aprili 2025. Moyo

Msimulizi wa "The Tell-Tale Heart", muuaji anayesikia moyo wa mzee aliyemuua, anasema alisikia sauti ya chini, nzito na ya haraka, kama ya saa iliyofungwa ndani ya pamba. Nikanunua saa ya ukutani na pamba, nikaifunga, nikaweka maikrofoni juu yake. Hiyo ni sehemu rahisi, na matokeo ni mazuri kuliko ngoma yoyote niliyojaribu.

Ugumu ulikuwa kuongeza kasi. Saa inagonga mara 60 kwa dakika, nami nilitaka ifike 130. Nilipoibana kwenye kompyuta sauti ilibadilika, ikawa kama mtu anagonga kijiko. Nikakata pigo moja moja na kulipanga kwa mkono, zaidi ya mapigo 400. Jioni tatu.

Kisha nikafanya kosa ambalo sasa naliona katika kazi yote. Katika hadithi mapigo yanazidi kuwa makubwa, kwa hiyo nami nikapandisha sauti ya saa. Ikapasuka. Nikaongeza ngoma nyuma yake, kisha gitaa mbili, kisha mwangwi, na kadiri nilivyoongeza ndivyo hofu ilivyopungua. Mpiga besi aliponiomba nizime vyote ili asikie sehemu yake, nilisahau saa ikiwa wazi. Tukakaa kimya wote wawili tukiisikiliza. Ilikuwa kubwa chumbani mwote.

Sasa saa haipandi kabisa. Ala ndizo zinazoondoka, moja baada ya nyingine, hadi inabaki peke yake pamoja na mtu anayekiri.

25 Mei 2025. Ufa

Katika nyumba ya Usher kuna mambo mawili niliyoyachukua kama sheria. La kwanza: Roderick Usher ni mgonjwa wa hisia, hawezi kuvumilia sauti ila za ala za nyuzi. Kwa hiyo sehemu hii yote ni nyuzi tu. La pili: msimulizi anapofika anaona ufa mwembamba sana ukutani, kutoka paani, ukishuka kwa kupindapinda hadi kwenye maji ya ziwa. Mwishoni ufa huo unafunguka na nyumba inaanguka. Nilitaka ufa usikike tangu mwanzo bila msikilizaji kujua anausikia.

Albamu ya 1976 ilitumia cimbalom na kantele, ala zenye nyuzi zilizotandazwa juu ya sanduku. Sisi tunayo kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu. Mzee mmoja wa taarabu alikubali kuja. Kila sauti ya kanuni ina nyuzi tatu zinazopigwa pamoja, na hapo ndipo nilipoona ufa wangu: nikilegeza uzi mmoja kati ya mitatu, sauti itaanza kutetemeka yenyewe.

Nililegeza mno. Nilianza na sehemu 30 za mia za nusu toni, na matokeo yake yakawa kanuni isiyotiwa sauti. Mzee aliona aibu kupiga, na alikuwa na haki. Tulirudia: uzi wa noti ya la ya chini tukauanzia sehemu tano tu, mtetemo wake ni wa polepole, karibu sekunde moja na nusu kila mmoja, kipande cha tatu sehemu 15, mitetemo karibu miwili kwa sekunde, kipande cha mwisho 30. Sasa mtu anahisi kuna kitu hakiko sawa na hawezi kukionyesha.

Masika yalitutesa. Daraja la kanuni hukaa juu ya ngozi, ngozi hunywa unyevu, na nyuzi zote zikashuka katikati ya kurekodi. Ufa wangu ukazama ndani ya nyufa nyingine 70. Siku mbili zilipotea. Tuliweka taa ya balbu karibu na sanduku saa mbili kabla ya kupiga, si karibu sana, na hali ikatulia.

Kwa anguko nilimwomba mzee tuukate uzi ule. "Mwanangu," akasema, "uzi wa kanuni haukatwi kwa makusudi. Nipe ufunguo." Akaupiga kwa kidole kimoja huku mkono mwingine ukizungusha ufunguo, polepole, hadi uzi ukaacha kuwa sauti ukawa waya tu unaogusa ubao. Sekunde 11. Hatukurudia.

22 Juni 2025. Kuchanganya

Toleo langu la kwanza la Usher lilivunja sheria yangu ya nyuzi tu: lilikuwa na ngoma za kompyuta, tabaka 38, na mwangwi wa kanisa kubwa. Nililipenda kwa wiki nzima.

Kilichonirudisha ni kulinganisha kazi mbili za watu waliorudia kazi zao. Parsons alichanganya upya albamu ya 1976 mwaka 1987: akaongeza mwangwi mwingi, magitaa, na usimulizi wa Orson Welles, aliyekuwa ameshafariki miaka miwili kabla. Peter Hammill, kiongozi wa bendi ya Van der Graaf Generator, alitoa opera yake ya roki juu ya hadithi hiihii ya Usher mwaka 1991, na mwaka 1999 akairudia: akaondoa ngoma zote, akaweka magitaa, akaimba sehemu zake upya. Nimesikiliza zote nne kwa siku mbili. Sauti ya Welles ni hazina, nisingeitoa. Lakini mwangwi wa 1987 unaiweka nyumba mbali, kama picha yake. Ya 1976 unaweza kugusa ukuta. Na Hammill bila ngoma anatisha zaidi, kwa sababu ngoma humwambia msikilizaji dakika ijayo itaanzia wapi, na ndani ya nyumba ya Usher hakuna anayepaswa kujua.

Nimefuta ngoma. Tabaka 38 zimebaki tisa. Mwangwi nimeuacha kwenye kipande cha kwanza pekee, mgeni akiwa bado nje. Poe anamaliza kwa maji ya ziwa kujifunga kimya juu ya vifusi, kwa hiyo baada ya uzi wa mzee nimeacha sekunde 20 za chumba kitupu, tulizorekodi usiku uleule akiwa bado amekaa.

6 Julai 2025. Hesabu

Kadi ya sauti ya mtumba 230,000, kukodi maikrofoni mbili 60,000, nusu yake ikiwa hasara ya vokoda, magodoro 90,000, studio ya mtaani saa nne kwa ajili ya fidla na kanuni 100,000, ada ya mpiga fidla 80,000, nauli na chakula cha wote 85,000, nyuzi za gitaa na kanuni 30,000, saa na pamba 14,000. Jumla shilingi 689,000. Mzee wa kanuni alikataa malipo, akachukua nauli tu. Programu zote ni za bure. Ningeanza upya, ningeokoa ile 30,000 ya maikrofoni na wiki tatu za Januari kwa kwenda kwa mjomba siku ya kwanza.

Albamu ina dakika 24 na sekunde 40. Ijumaa niliipeleka kwa mjomba, akaisikiliza kwa hedifoni ameketi barazani. Kwenye "The Raven" vidole vyake vilikuwa vikihesabu pajani. Ubeti wa tano alivua hedifoni akaniambia kipande cha pili kina mizani tisa. Nimekihesabu, ana haki. Mwimbaji anarudi Jumatano usiku.